Sindimba iliporudi nyumbani ikiwa ngeni

Vinganga, zile ngoma ndogo ambazo Wamakonde huzipiga kwa fimbo mbili nyembamba, havina miguu. Chini ya kila kimoja pana ncha iliyochongwa katika mti ule ule wa mwili wa ngoma, na kabla ya kupigwa huchomekwa ardhini. Lakini kwanza ngozi ipate moto. Majani makavu huwashwa pembeni ya uwanja, mpigaji akaielekeza ngozi kwenye mwako, akagonga kwa kidole, akasikiliza, asiporidhika akairudisha. Ikishapanda hadi sauti anayoitaka, huyo mbio hadi mahali pake, anakichomeka kinganga mchangani na kuanza papo hapo, maana joto likitoka sauti nayo inashuka.

Picha hiyo hunijia kila ninaposikia ubishi kuhusu bendi zetu na vitu vya kuazima. Ubishi wenyewe ni mkongwe. Zamani ilisemwa wanamuziki wetu wanawaiga Wacuba. Baadaye wakasemwa kwa kuwaiga Wakongo, kisha Wanaijeria, na siku hizi midundo ya Afrika Kusini. Kila kizazi kinaona chenyewe ndicho kilichofikwa na msiba huo kwa mara ya kwanza. Nimeyasikia hayo Dar es Salaam kwenye kumbi, kwenye daladala, kwenye meza za wahariri. Kusini, kwenye barabara ya kutoka Masasi kupanda Newala, nimeyasikia pia, ila yamepindishwa kidogo, na huko kupindishwa ndiko kulikonifanya niandike.

Masasi iko chini, katikati ya vile vilima vya mawe matupu vinavyochomoza kutoka bondeni, na wenyeji wake ni Wamakua, Wayao, Wamwera na Wamakonde waliochanganyika kwa muda mrefu. Newala iko juu, kwenye ukingo wa magharibi wa uwanda wa Makonde, mahali ambapo ukisimama Shimo la Mungu nchi yote inadondoka mbele ya miguu yako. Kati ya miji hiyo miwili ni kilomita kama 70 tu. Ni eneo ambalo watu wa mbali hulidhania la pembeni, lililojifungia na ngoma zake. Historia inasema vingine.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alifika Masasi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akitokea Zanzibar, na misheni ikaanza. Tangu hapo nyimbo za kanisa zilizofuata tuni za Kiingereza ziliimbwa kwa Kiswahili chini ya vilima hivyo. Mwaka 1906 alipita Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, na fonografu yake. Alinasa nyimbo za watu wa huku kwenye silinda za nta, na ngoma zao akazipiga picha za sinema, wakati ambapo sehemu kubwa ya dunia haikuwa imewahi kuiona sinema. Mwishoni mwa Novemba 1917 majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalifikisha vita yao kwenye maeneo haya haya: kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akavuka Mto Ruvuma, na kundi la mwenzake, Tafel, likajisalimisha karibu na Newala. Majeshi yale yalikuja na maelfu ya wapagazi na askari kutoka kila pembe, na kila mmoja alikuwa na wimbo wake mdomoni.

Miaka iliyofuata vita hiyo ndiyo miaka ya beni. Ngoma hii ilizaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikafuata tarumbeta na gwaride la kizungu, ikagawanyika katika vyama vya Marini na Arinoti, vyenye mfalme wao, gavana wao na daktari wao, kisha ikatambaa bara pamoja na askari na wapagazi. Serikali ya kikoloni iliitazama kwa wasiwasi, na makanisa mengi hayakuipenda. Watu waliipenda. Hawakuona ajabu kumcheza Mzungu na kofia yake.

Juu ya uwanda, hilo halikuwa jambo geni hata kidogo. Wamakonde wana vinyago vya kuvaliwa kichwani, mapiko au midimu, vinavyotoka wakati wa sherehe za jando na unyago. Humo kuna sura za wahenga na majini, lakini pia Mwarabu mwenye ndevu, Mhindi, Mzungu wa pua ndefu, polisi na askari. Mgeni akifika, mchongaji anamtazama, anampeleka kwenye mti, na siku ya ngoma anatoka akiwa anacheza kwa mdundo wa Kimakonde. Wenyeji wanacheka, wanampigia vigelegele au wanamzomea, kutegemea amechezwa vizuri au vibaya. Hiyo ndiyo njia ya uwanda ya kuupokea ugeni. Anayeingia kwenye kinyago lazima afuate ngoma, na ngoma imekwisha kuchomekwa ardhini.

Kwa hiyo nilipokuwa nawasikiliza watu wa Newala wakizungumzia muziki wa bendi, sikushangaa kwamba swali lao si lile la Dar. Hawakuwa wanauliza kilichoazimwa kimetoka wapi. Walikuwa wanauliza kama wenye bendi wamekitafuna.

Usikivu huo ulifundishwa na redio. Kwa miaka mingi kusini ilikuwa mbali kuliko kilomita zake. Mvua zikinyesha barabara ilikatika, na Rufiji ulivukwa kwa kivuko cha Ndundu, mpaka lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, lililopewa jina la mtoto wa Lupaso, Masasi. Bendi kubwa za Dar zilifika kwa nadra na kwa taabu. Sauti zao zilifika kila siku. Redio Tanzania Dar es Salaam yenyewe ilizirekodi bendi katika studio zake na kuzirusha hewani, na chini ya mkorosho, redio ikiwa imening'inizwa kwenye tawi, mtu wa Newala aliijua Nuta Jazz, akaijua Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, akaijua Cuban Marimba ya Salum Abdallah, bila kuwahi kuona suruali zao pana wala gitaa zao. Alisikiliza gitaa, sauti na maneno, basi. Yule wa Dar alikwenda ukumbini kuona na kuonekana; huyu wa kusini alibaki na wimbo mtupu, akaurudia kichwani akipalilia.

Na wimbo mtupu hauna pa kujificha. Salum Abdallah aliichukua rumba ya Kicuba, iliyokuwa imefika Afrika Mashariki kwa santuri tangu kabla ya vita ya pili, mpaka akaitia Cuba katika jina la bendi yake. Sijapata kusikia mtu wa makamo wa kusini akimlaumu kwa hilo. Wanazikumbuka nyimbo zake kama nyimbo za kwao, kwa sababu zilisema mambo yao kwa lugha yao, na ile rumba ya Havana ilikuwa imeshalainika mpaka hujui mshono uko wapi. Nuta Jazz nayo ilipouita mtindo wake Msondo, masikio ya huku yalisimama. Msondo ni ngoma ya unyago, na hata katika unyago wa Wayao jina hilo linafahamika. Bendi ya gitaa za umeme na saksafoni ilikuwa imejipa jina ambalo mama zao walilijua kutoka mahali ambapo wanaume hawaingii. Wengine waliona haya. Wengi walifurahi.

Tatizo la kweli, lile linaloamsha uchungu kwenye sauti za wazee wa Newala, lilitoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Lilitoka kwa watu waliokuwa wakipigana na ugeni.

Desemba 10, 1962, Mwalimu Nyerere, akihutubia Bunge siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri, alisema kwa uchungu juu ya Watanganyika waliofundishwa kucheza rumba, chachacha na tuisti huku hawazijui hata kwa majina ngoma za makabila yao. Akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Mimi naona alikuwa na haki ya kusema vile. Nchi ilikuwa imetoka tu mikononi mwa watu waliotuambia kwamba hatuna kitu. Zikafuata hatua. Kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Mwaka 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku. Mwaka 1974 likaja Baraza la Muziki, BAMUTA. Nia ilikuwa kuufunga mlango wa mbele ili cha nyumbani kisiibwe, na wakati huo huo ngoma za nyumbani zikawa zinatolewa kwa mlango wa nyuma.

Sindimba ndiyo iliyotolewa kwa wingi kuliko nyingine. Kikundi cha Taifa kiliichukua kutoka uwanda wa Makonde, kikawafundisha wachezaji wa makabila yote, kikaifupisha ienee jukwaani, kikawageuza wachezaji waangalie watazamaji badala ya kuangaliana wao kwa wao. Ikachezwa mbele ya wageni wa serikali na ikapelekwa ng'ambo. Baada ya hapo ikaingia mashuleni. Mimi niliicheza nikiwa darasa la nne, mamia ya kilomita kutoka Newala, nimefungwa kanga kiunoni pamoja na wenzangu ishirini, tukifundishwa na mwalimu ambaye hakuwa amewahi kuvuka Rufiji. Alichotufundisha ni kiuno. Tukaze, tuzungushe, tuongeze, mgeni rasmi anakuja. Sindimba kwetu ilikuwa kiuno na filimbi, na tulipigiwa makofi mengi.

Nilipoiona kwa wenyewe, nikiwa mtu mzima, nilikaa muda mrefu nikingoja ianze. Ilikuwa imeanza. Kilichokuwa kikiongoza ni ngoma kubwa ya katikati, ikiuliza na vinganga vikiijibu, na mchezaji alikuwa akisikiliza. Kiuno kilikuwepo, ndiyo, lakini kilikuja pale kilipoitwa, kikaisha pale ngoma ilipokifunga. Wimbo ulikuwa na maneno, na maneno yalikuwa na mtu aliyekusudiwa. Wazee waliokuwa karibu walimtazama mpigaji zaidi ya mchezaji. Niliona aibu ya kuchelewa kujua, kama mtu aliyeimba wimbo wa taifa la wengine miaka yote akidhani ni wimbo wa chekechea.

Wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, wamelisema jambo hili kwa miaka mingi: ngoma iking'olewa mahali pake na kufanywa onyesho, inabaki umbo na inapoteza kazi yake. Huku uwandani jambo hilo halihitaji kitabu. Wazee wanajua kwamba kijana wao akienda Dar na kusema kwao ni Newala, wenzake humwomba akate kiuno. Wanajua kwamba kanda na video za sindimba zilizouzwa mijini zilirudi mpaka kwao, na kwamba wajukuu wameanza kuicheza ile ya kwenye video. Mcheza kwao hutunzwa, tunasema. Hawa wamechezewa ngoma yao ugenini, ikatunzwa huko, na iliporudi nyumbani wenyewe hawakuitambua.

Rumba iliingia kusini ikavuliwa viatu mlangoni. Sindimba ilitoka ikarudi imevaa viatu. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini neno «utamaduni wetu» likitamkwa na mgeni wa Dar huwafanya baadhi ya watu wa huku wanyamaze.

Kanisa lenyewe liliwahi kulijaribu jambo la namna hii kwa hadhari zaidi. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, hakuipiga marufuku jando. Aliiweka chini ya msalaba: wavulana wakaenda porini na padri, baraka zikawekwa mahali pa dawa za kale, na mengi ya jando yakabaki. Kwa wavulana ilishika mizizi. Unyago wa wasichana ulikuwa kazi nyingine. Wanawake wenye ngoma zao hawakuziachia kirahisi, na mabadiliko huko yalikuwa ya shida. Nawaheshimu kwa hilo. Walijua kwamba si kila kitu cha mtu kinafaa kuboreshwa na mwingine.

Turudi kwenye bendi, kwani huko ndiko ubishi umekuwa mkali karibuni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, dansi ilipata nguvu mpya. African Stars ya Asha Baraka, Twanga Pepeta, ilitikisa nchi na Kisa cha Mpemba. FM Academia, Wazee wa Ngwasuma, wakiwa na Nyoshi el Saadat na wenzake kutoka Kongo, walileta sebene ndefu na marapa wanaopaza sauti juu ya gitaa, wakitaja majina ya mashabiki na wafadhili. Akudo Impact wakafuata njia hiyo hiyo. Wapenzi wa bendi kongwe, Msondo na Sikinde, wakalalamika magazetini na kumbini kwamba ujumbe umemezwa na kelele, kwamba wimbo umekuwa kijisehemu kidogo cha mbele na kilichobaki ni kurukaruka.

Kusini malalamiko hayo yalifika pamoja na bendi zenyewe, wakati wa korosho. Kuanzia Oktoba minada ikianza na fedha zikaingia kupitia vyama vya ushirika, wanamuziki wa Dar hupanga safari za Masasi, Newala, Tandahimba na Mtwara kama wafanyabiashara wengine wote. Mkulima aliyeuza gunia zake anataka kuona kwa macho kile alichokisikia redioni. Ukumbini ndipo unapoyaona masikio yake. Sehemu ya kwanza ya wimbo, penye kisa, watu wanasimama karibu na jukwaa wakiimba pamoja, maneno yote, hata yale ya kujibu. Chemko, ile sehemu ya kuchangamka, inapoingia wanacheza. Lakini rapa akianza kutaja majina ya watu wa Sinza na Kinondoni wasiojulikana huku, nimeona watu wakirudi kwenye viti vyao taratibu, bila kuzomea, wakachukua vinywaji vyao na kuongea. Gitaa lilikuwa linapigwa vizuri ajabu. Wao walikuwa wanangoja watajwe wao, au waambiwe jambo.

Msikilizaji wa Dar angesema wamekataa Ukongo. Sidhani. Maquis du Zaire walikuwa Wakongo kwelikweli na walipendwa mpaka huku. Remmy Ongala alitoka Kongo, akaimba Kiswahili kilichokuwa na lafudhi yake, na watu wa kusini walimwona kama jirani aliyekuja kusema walichokuwa wakikificha. Kilichokataliwa ni kusahauliwa. Sebene inaweza kupita masikioni mwa Mmakonde dakika kumi bila tabu, kwa kuwa vinganga navyo huzunguka jambo moja saa nzima. Lakini vinganga humwita mtu aliyepo uwanjani. Hilo ndilo ambalo sebene ya kuazima ilishindwa kulifanya, na bendi yoyote inayotaka kupendwa kusini ingepata faida kubwa kwa kulijua kabla ya kupanda basi.

Kisha akatokea mtoto wa huku huku. Rajab Abdul Kahali, Harmonize, ni mzaliwa wa Chitoholi, katika iliyo leo wilaya ya Tandahimba, jirani wa Newala. Mwaka 2019 alianzisha Konde Gang, na kujiita Konde Boy kwa sauti ya juu. Wanaojua jinsi neno Mmakonde lilivyotumiwa mijini kama mzaha, kwa walinzi wa usiku na kwa watu wa lafudhi nzito, wataelewa kwa nini jina hilo lilikuwa tendo. Albamu yake Afro East ya mwaka 2020 ina Burna Boy na Yemi Alade wa Nigeria. Mijini alisemwa kwa kuwafuata Wanaijeria. Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Newala nyimbo hizo hizo zilipigwa mpaka spika zikapasuka, na sikumkuta kijana aliyejali kwamba mdundo umetoka Lagos. Jina lilikuwa la kwao.

Mimi hapo moyo wangu umegawanyika. Nafurahi kwa jina. Lakini sikumbuki wimbo wake mkubwa hata mmoja ambamo vinganga ndivyo vinavyoongoza, na natamani usikike. Siombi sindimba ya mgeni rasmi, hiyo imetutosha. Naomba ule ukaidi wa ngoma kubwa ya katikati, inayomfanya mchezaji angoje. Kama yupo mtu mwenye uwezo wa kuipeleka Lagos na kuirudisha bila kuibadilisha jina, ni yeye.

Na pengine vijana wa huku hawamngoji. Kwenye sherehe za kuwatoa wali, yaani watoto waliomaliza jando au unyago, shule zikifungwa, siku hizi hukodiwa spika kubwa na jenereta. Tangu alasiri dijei anapiga singeli, anapiga amapiano, anampiga Harmonize, na watoto wanatimua vumbi. Pembeni, upande ule wenye mkorosho, wapo wanaume watatu au wanne wamechuchumaa na moto wa majani, wakizigeuza ngozi. Hawana haraka, wala hawaonekani kuchukia. Mmoja anagonga kwa kidole na kuinamisha kichwa, ingawa kwa kelele ile sijui anasikiaje. Wali wanapokaribia kutoka, manyakanga, kiongozi wa sherehe, anainua mkono, dijei anakata muziki katikati ya wimbo, na jenereta inaachwa ikinguruma peke yake. Vinganga vinachomekwa mchangani, kimoja, kingine, na watoto wale wale wa amapiano wanaacha spika na kukimbilia upande wa mkorosho kutafuta mahali pa kusimama.